Mishale Arubaini na Miwili

Barua ilifika Jumatano, saa ya mapumziko, na Mwalimu Nassor hakuwa na moyo wa kuisoma kwa sauti. Aliikunjua juu ya meza yake ya ukuu wa skuli, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka upande wa pili alikokaa Bi Mwatima, kisha akageukia dirishani kama mtu aliyekumbuka kuwa ana mbuzi nje. Ndivyo walivyo baadhi ya wakuu wetu. Sifa zikija huzipokea wao kwa mikono miwili, na lawama zikija huzisukuma kwa kidole.

Bi Mwatima alivaa miwani akasoma. Barua ilitoka kwa kamati iliyosimamia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Ilisema kuwa wanafunzi arubaini na wawili wa somo la fizikia wa skuli hii wamebainika kufanya udanganyifu. Wote, bila ya kubakia hata mmoja, wamechora alama ya siri kwenye pembe ya karatasi ya swali la nane, na alama yenyewe ni mshale mdogo. Wenye mshale wa kulia wana jibu lao, na wenye mshale wa kushoto wana jibu lao. Kamati imeridhika kwamba majibu yalivuja na yakagaiwa kwa makundi mawili. Kwa hiyo matokeo ya fizikia yamefutwa, na kamati inakusudia kupendekeza wanafunzi hao wasikalie somo hilo katika mtihani wa taifa. Mwalimu wa somo afike mbele ya kamati Jumatatu, ajieleze. Chini kabisa iliandikwa kuwa nakala imepelekwa kwa skuli zote za wilaya.

Aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza hakuielewa. Mara ya pili aliielewa, na hasira zikampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mshale ule aliwafundisha yeye.

Nassor alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayezungumza hospitali, kama kuna jambo lolote analolijua. Bi Mwatima akamjibu kuwa analijua vizuri sana, na kwamba hata yeye Nassor analijua, maana hulielekea mara tano kwa siku. Nassor akaona mama wa watu kachanganyikiwa, akamwambia akapumzike.

Huyu Bi Mwatima binti Hamdan ni mtu wa Mgogoni. Baba yake alilima mpunga na muhogo, mama yake akisuka mikeka ya ukindu, na katika watoto saba ni yeye pekee aliyekuwa akihesabu miyaa ya kusukia ya mama yake kabla ya kuulizwa. Alipokwenda Unguja kusomea ualimu wenzake walimcheka kwa lafudhi yake. Akisema ntu na nkono, nyuma yake wanaigiza ntu na nkono. Akisimama kujibu swali, darasa linangojea atatamka vipi, hakuna anayesikiliza anasema nini. Miaka miwili alijizoesha kusema kama wao, na alipomaliza akiwa wa tatu katika chuo kizima vicheko vilikwisha, lakini yeye hakusahau. Alirudi Pemba, akapangiwa skuli hii ya karibu na Mkoani, na mpaka leo hajaondoka, mwaka wa ishirini na tatu huu. Mara mbili wametaka kumpandisha awe msaidizi wa mkuu wa skuli, na mara mbili amekataa. Kazi ile ni ya kusaini karatasi, alisema, na yeye anapenda kuona vitu vinagongana.

Maabara ya skuli ni chumba chenye kabati moja, na kabati lina kufuli ambalo ufunguo wake ulipotea kabla hajaajiriwa. Kila mwaka huandika barua ya kuomba vifaa, na kila mwaka hujibiwa kuwa ombi lake linafanyiwa kazi. Basi anafundishia gololi, vifuu, na vigari viwili vya mbao alivyochongesha kwa pesa zake. Momentamu, huwaambia watoto, ni uzito wa kitu mara mwendo wake. Gari la ng'ombe lililojaa nazi linalojikokota, na vespa inayokwenda mbio, vinaweza kuwa na momentamu sawasawa. Vikigongana, jumlisha momentamu zao kabla, jumlisha na baada ya kugongana, na jumla haibadiliki. Kilichomtoka huyu kimekwenda kwa yule. Hapana kilichodhulumiwa. Haya ya mwisho hayamo kitabuni, ni maneno yake mwenyewe, na wanafunzi wake waliokwisha kuwa watu wazima bado wanayasema.

Lakini jumla haikuwa tabu. Tabu ilikuwa alama ya kutoa. Vitu viwili vinapojiana uso kwa uso, kimoja momentamu yake lazima iwe chanya na chengine iwe hasi, na hapo ndipo watoto walipokuwa wakianguka kila mwaka. Kitabu kinasema kulia ni chanya, basi, kimemaliza. Katika mwaka wake wa kwanza aliwaweka wavulana wawili mezani, huyu upande huu na yule upande ule, akawasukumia gololi katikati. Mmoja alisema inakwenda kulia, mwengine akaapa inakwenda kushoto, na wote wawili walikuwa wakisema kweli, kwa sababu walikaa kwa kutazamana. Wakafika kushikana mashati. Bi Mwatima aliwaachanisha, akacheka, akenda zake nyumbani akafikiri.

Siku ya pili alikuja na dawa. Kulia kwangu si kulia kwako, aliwaambia, lakini hapana mtoto wa Kipemba asiyejua kibla kiko wapi, hata awe mzito wa kichwa vipi. Hapa kwetu kibla ni kaskazini moja kwa moja. Basi kinachokwenda upande wa kibla ni chanya, kinachokipa mgongo ni hasi. Kabla hujaandika namba yoyote, tazama hapo ulipokaa kibla kiko mkono gani, kisha chora mshale mdogo pembeni mwa karatasi uelekee huko. Ukishauchora usiugeuze mpaka umalize. Fizikia haijali umechagua upande upi, inajali tu usigeuke katikati ya hesabu. Tangu siku ile alama ya kutoa haikumshinda mwanafunzi wake yeyote.

Miaka yote hiyo hapakuwa na neno, na sababu yake ni nyepesi mpaka inaudhi. Chumba cha mtihani kilikuwa kile kile, chenye ubao wa magharibi. Ukiutazama ubao, kibla kiko kulia. Kibla cha Bi Mwatima na kulia kwa kitabu vikaangukia pamoja, na wasahihishaji wakaweka vema wakapita. Mwaka huu upepo uliezua bati za chumba kile. Watahiniwa wakahamishiwa ghala la zamani la skuli, lililokatwa kwa ukuta katikati likawa vyumba viwili, na mbao zote mbili zimetundikwa kwenye ukuta huo mmoja. Wanafunzi wa chumba cha magharibi hutazama mashariki, na wa chumba cha mashariki hutazama magharibi. Mwalimu haruhusiwi kusimamia somo lake, kwa hiyo Bi Mwatima hakuwepo, na hakuna aliyemwambia walivyokalishwa.

Alkhamis asubuhi alikwenda mwenyewe ghalani. Alikaa kwenye dawati la chumba cha magharibi, akanyoosha mkono kuelekea kibla, na mkono ulionyooka ulikuwa wa kushoto. Akazunguka mpaka chumba cha mashariki, akakaa, na mkono ulionyooka ukawa wa kulia. Alibaki pale kitako, mkono hewani, akacheka peke yake kicheko kisichokuwa cha furaha. Watu wenye shahada zao wameona mishale arubaini na miwili, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mishale ile inaonesha nini.

Aliporudi ofisini alimkuta Ame anamngoja. Ame ni mvuvi wa Makoongwe, baba yake Khairat, msichana anayevuka kwa mashua kila asubuhi kuja skuli na hajapata kukosa hesabu hata moja tangu kidato cha pili. Alikaribishwa kiti, hakukaa. Alieleza akiwa amesimama mlangoni kwamba jana jioni, ndani ya mashua iliyojaa watu, Duni mwenye duka alisema kuwa skuli ya kina Khairat imekamatwa, watoto wote wezi wa mtihani, na barua imesomwa kwa wanafunzi mistarini katika skuli nyengine. Khairat alikuwemo humo humo mashuani. Leo hakutoka ndani. Amesema hapandi tena chombo.

"Mie sijasoma, mwalimu," Ame alisema. "Nambie tu neno moja. Mwanangu kaiba?"

"Hajaiba."

"Basi kwa nini barua inasema kaiba?"

 Bi Mwatima angeweza kumweleza momentamu, lakini baba aliyeaibishwa mbele za watu hakuja kusomeshwa. Na kulikuwa na jambo jengine lililomkaba, nalo lilikuwa lake mwenyewe. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Yeye mshale ameufundisha kwa Kiswahili miaka ishirini na tatu, na hata siku moja hakuwafundisha watoto kuandika chini yake, kwa Kiingereza cha mtihani, kwamba huu ndio mwelekeo chanya. Maneno mawili tu. Aliwapa mshale ukiwa bubu, na bubu akishitakiwa hawezi kujitetea. Akamwambia Ame ampe mpaka Jumatatu. Ame akasema sawa, lakini alisema kama mtu anayepewa kilicho pungufu na hana la kufanya.

Jumatatu alivaa buibui lake jipya, akabeba mkoba wenye gololi mbili ambazo hakuzitumia, akenda Mkoani. Kamati ilikaa chumba cha juu chenye feni. Mwenyekiti alikuwa Mzee Saud, mwalimu mstaafu wa historia, mtu mpole mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyofuliwa vizuri. Pembeni yake alikaa Bwana Talib, msahihishaji mkuu, kijana wa shahada ya fizikia aliyehamishiwa Pemba mwaka jana, na mbele yake rundo la karatasi za mtihani. Hakuna aliyempa Bi Mwatima maji. Kiti chake kiliwekwa katikati ya chumba, peke yake, kama cha mshitakiwa.

Talib alieleza, na alieleza vizuri, hilo lazima asifiwe. Swali la nane lilikuwa la vigari viwili. Kimoja cha kilo tatu kinakwenda kulia kwa mwendo wa mita nne kwa sekunde, chengine cha kilo tano kinakwenda kushoto kwa mwendo huo huo. Vinagongana, vinashikana, vinakwenda pamoja. Tafuta mwendo wao. Jibu la mwongozo ni kumi na mbili kutoa ishirini, unapata hasi nane, ugawe kwa kilo nane, unapata hasi moja. Nusu ya wanafunzi wameandika hivyo, na mshale wao ni wa kulia. Nusu ya pili wamegeuza kila kitu, hasi kumi na mbili kujumlisha ishirini, wakapata moja bila ya alama ya kutoa, na mshale wao ni wa kushoto. Watoto ishirini na moja, alisema, hawawezi kukosea kosa moja, kwa namna moja, siku moja, ila wawe wamelishwa.

Bi Mwatima alieleza yake. Alisema kwa Kiswahili cha ofisini, pole pole, habari ya kibla na ya ghala lenye ukuta. Alipomaliza Mzee Saud alikuna kidevu. Talib alitabasamu, tabasamu lile ambalo Bi Mwatima aliliacha Unguja miaka mingi nyuma, akasema kwamba kwa heshima zote fizikia haisomeshwi chuo cha Kurani pamoja na juzuu, na kwamba hadithi ni nzuri lakini imekuja baada ya barua.

Hapo Kiswahili cha ofisini kilimtoka Bi Mwatima, wala hakukitafuta tena.

"Yakhe, mie sikuja kukuhadithia," alisema. "Karatasi hizo unazo weye, mie sijaziona hata moja. Nisomee namba ya ntoto na chumba alichokaa. Mie n'takwambia nshale wake umeelekea nkono gani. Nikikosea, nifukuzeni kazi."

Mzee Saud alimwangalia, kisha akamwashiria Talib. Talib akachukua karatasi ya kwanza, akaishika kwa kuificha kama mcheza karata. Namba tano, chumba cha magharibi. Kushoto, alisema Bi Mwatima. Talib akaiweka mezani. Namba kumi na tisa, mashariki. Kulia. Namba ishirini na mbili, mashariki. Kulia. Namba nane, magharibi. Kushoto. Walikwenda hivyo karatasi kumi, kumi na tano, ishirini, na Mzee Saud alikuwa ameshasogeza kiti chake mbele ili azione mwenyewe. Tabasamu la Talib lilikuwa limekwisha, lakini mikono yake ilizidi kwenda haraka, ikipekua, ikitafuta, mpaka ikasimama.

Namba thelathini na moja, alisema. Magharibi.

"Kushoto," Bi Mwatima alisema.

Talib aliigeuza karatasi ili wote waione. Mshale ulielekea kulia.

Bi Mwatima aliijua namba ile. Ilikuwa ya Khairat. Feni ilizunguka, na Talib, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kejeli, akauliza imekuwaje kibla cha mtoto huyu kikahama peke yake. Wenzake wote wa chumba kile wana mshale wa kushoto. Huyu ana mshale wa chumba cha pili, na jibu la chumba cha pili. Au huyu amepewa fungu la kundi jengine kwa makosa?

Kwa nukta moja Bi Mwatima alimshuku. Nukta hiyo ilikuja kumuuma baadae kuliko barua, kuliko tabasamu, kuliko kiti cha katikati ya chumba. Alimwona Khairat amechungulia, amesikia, amepewa. Halafu akamkumbuka vile anavyofanya hesabu, anavyoinua kichwa kwanza atafute kibla, kila mara, hata darasani kwao anapokijua kwa miaka miwili, anainua kichwa kama mtu anayetaka kutia nia. Msichana yule angeweza kukosea kuzidisha. Kibla asingekikosea.

"Kakaa wapi?" aliuliza.

Talib alimjibu kuwa imeshasemwa, chumba cha magharibi, imo kwenye orodha.

"Sikukuuliza chumba. Nakuuliza kakaa wapi. Ntoto huyu kakaa kaelekea magharibi. Wenzake wote wametazama ubao, yeye kaupa ubao ngongo. Sijui kwa nini, sikuwepo. Lakini nshale wake unasema hivyo, na mie nauamini nshale wake kuliko orodha yenu."

 Mzee Saud alivuta faili, akatafuta ripoti ya msimamizi wa chumba cha magharibi, karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono ambayo, kwa namna mikunjo yake ilivyokuwa bado mikali, hakuna aliyekuwa ameikunjua tangu ilipoletwa. Aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti. Mtahiniwa namba thelathini na moja alichelewa dakika kumi kwa sababu ya mashua. Madawati yalikuwa yamekwisha. Msimamizi alimkalisha kwenye meza yake mwenyewe, mbele ya chumba, akiwatazama wenzake.

Talib aliitazama karatasi aliyoishika. Aliiinamisha, akaigeuza huku na huku, na bila ya kujijua akainua kichwa kutafuta kibla cha chumba kile cha juu. Bi Mwatima alimwona. 

Kama mambo yangeishia hapo ningesema haki imepatikana, na wewe msomaji ungekwenda zako umeridhika. Hayakuishia hapo. Talib alisema kwamba sawa, udanganyifu haupo, lakini mwongozo unasema hasi moja, na walioandika moja bila ya alama hawawezi kupewa kitu. Bi Mwatima alimuuliza vigari vile, kwa jibu la mwongozo, vinakwenda upande gani. Kushoto, Talib alisema. Kwa mwendo gani? Mita moja kwa sekunde. Na hawa waliosema kushoto ni chanya wakapata moja chanya, vigari vyao vinakwenda upande gani? Talib akasema kushoto, kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza alimwita mwalimu.

Mzee Saud aliagiza alama zirejeshwe. Alisema kamati itaandika barua. Bi Mwatima akauliza barua hiyo itakwenda wapi. Kwa mkuu wa skuli yako, alijibu mzee. Na zile skuli nyengine zilizosomewa kuwa watoto wangu wezi? Mzee Saud alivua kofia, akaitazama ndani kama jibu limeshonwa humo, akasema taratibu ni taratibu, barua ya kumaliza shauri huenda kwa mhusika tu.

Bi Mwatima akatoka pale akiwa ameshinda, na hasira zake ni zile zile. Kumchafua mtu kulikuwa na nakala kwa wote, na kumsafisha ni kwa mhusika tu. Akina Duni wa wilaya nzima wamelibeba neno wizi kwa mashua na kwa gari, na kamati inataka kulisimamisha kwa karatasi moja ndani ya faili la Nassor. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu angewaambia kuwa hesabu hiyo haikubali.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Ilisema tuhuma zimefutwa na alama zimerejeshwa. Ilisema pia kuwa mwalimu wa somo anaonywa afundishe kwa kufuata kitabu, na atie saini kuwa ameonywa. Neno la kuomba radhi halikuwemo, hata la kuazima. Nassor alifurahi sana, akasema yamekwisha, na akaonesha mahali pa kutia saini. Bi Mwatima alisema hayajaisha. Aliichomoa barua ile kutoka kwenye faili mbele ya macho yake, bila ya saini, akaitia mkobani. Kisha akaingia darasani, akaandika ubaoni yale maneno mawili ya Kiingereza, akachora mshale juu yake, akawaambia watoto kwamba kosa lilikuwa lake na wala si lao. Kiti cha Khairat kilikuwa kitupu. Wiki mbili zilikuwa zinakaribia tangu aache kuja.

Alasiri ile ile alipanda mashua ya Makoongwe.

Pwani ya kisiwa ilikuwa na watu, saa ya kupokea samaki. Wanawake walikuwa kitako na ndoo zao, wengine wameelekea baharini, wengine wameipa bahari mgongo kwa ajili ya jua. Wanaume walikaa kwenye nyavu, huyu huku na huyu kule. Duni alikuwepo, amekaa kwenye kreti mbele ya duka lake, anapiga hesabu ya barafu. Ame alimwona mwalimu akishuka, akaja kumpokea, na nyuma yake, mbali kidogo, kwenye kona ya nyumba, alisimama Khairat na mtandio umeshushwa mpaka kwenye nyusi.

Bi Mwatima aliamkia, akaomba wampe masikio, akatoa barua akaisoma yote kwa sauti ya darasani, pamoja na onyo lake mwenyewe, hakuruka hata herufi. Watu walisikiliza. Alipomaliza, Duni alisema, si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu mwenye akili zake, kwamba karatasi imeandika wamesafishwa, alhamdulillahi, lakini karatasi haikueleza ile mishale. Watoto arubaini na wawili wanachora alama moja pembeni, wengine huku, wengine kule, bila ya kuambizana? Hilo bado halijamuingia. Wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Khairat aligeuka kutaka kuingia ndani.

"Subiri, Khairat," mwalimu alisema. Akakunja barua. Hakutaja kilo wala mita, hakutaja vigari; alisema tu kuwa mshale ule ni wa kuonesha kibla. Aliwaomba watu wote, hapo hapo walipokaa, bila ya mtu kuinuka wala kugeuka, kila mmoja amuoneshe kibla.

Mikono ikainuka. Ya wanawake wenye ndoo, ya wanaume wa nyavu, ya watoto majini. Yote ilielekea upande mmoja, na ilikuwa wengine wa kushoto, wengine wa kulia, kwa namna kila mmoja alivyokaa. Hakuna aliyemtazama mwenzake kabla ya kuinua.

 Bi Mwatima aliwaacha waangalie mikono yao. Ame alikuwa ameinua wa kulia, na Duni, aliyekaa kwa kutazamana naye, alikuwa ameinua wa kushoto. Ame aliutazama mkono ule, akamtazama mwenyewe usoni, akangojea. Watu wengine wote walishusha mikono yao mmoja mmoja, lakini Duni alikuwa bado ameunyoosha wake pale Khairat alipotoka kwenye kona ya nyumba, akaja akasimama karibu na mwalimu wake, akauliza kesho kuna vipindi vingapi vya fizikia.